Picha za anga, nyatiti na mto wetu: jibu kwa dada wa Kariobangi

Dada mmoja wa Kariobangi ameniandikia swali refu, nalifupisha. Wana kikundi chao: waimbaji, mpiga nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo), vijana wa isukuti (ngoma za Waluhya) na wachezaji densi. Wanataka kufanya shoo ya kama saa moja tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, muziki wa laivu na nyuma picha za dunia kutoka anga za juu, na ujumbe ni uchafuzi wa mito. Anauliza picha watatoa wapi bila kushtakiwa, watafanyaje muziki na picha viwe kitu kimoja, na wataepukaje kugeuza shoo kuwa mahubiri. Bajeti ni ndogo.

Dada, nianze na hilo la kuunganisha picha na muziki juu ndilo linaua shoo nyingi, mambo ya haki ni mepesi kuliko unavyodhani.

Kinachoharibu ni hiki: mtu anashusha video ndefu kwa intaneti, galaksi zinazunguka, dunia inazunguka, anaiwasha, bendi inapiga mbele yake, na dakika kumi baadaye watu wameshatoa simu. Picha zenyewe ni nzuri ajabu, shida ni kwamba video haisikii bendi. Mwimbaji amepokewa vizuri akaamua kurudia kiitikio, video inaenda tu. Isukuti zimepanda watu wakasimama, video inaenda tu. Mtazamaji anahisi hivyo vitu viwili havijuani hata kama hawezi kusema kwa nini.

Kwa hivyo msitumie video moja ndefu. Katakateni vipande vifupi, kila kimoja kiwe kinaweza kujirudia bila kuonekana kimeruka, halafu mmoja wenu akae na laptopu akivipiga. Nasema kupiga, juu huyo mtu ni mwanamuziki kama wengine. Aje mazoezini kila siku, ajue nyimbo, ajue mpiga nyatiti akianza kupunguza ni dalili gani. Asikae nyuma ya ukumbi kwa giza peke yake, akae mahali anamwona kiongozi wa ngoma macho kwa macho. Programu ya bure kama OBS inatosha kabisa, kila kipande unakipa kitufe chake kwa kibodi na unaweka kufifia kwa sekunde mbili ama tatu kati ya kimoja na kingine.

Na msibadilishe haraka haraka. Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika, mapigo manne kila baa, mkiacha picha moja ikae baa nane hiyo ni sekunde 32, na sekunde 32 za kuangalia dunia ikizunguka polepole si nyingi hata kidogo, macho yanahitaji huo muda ndiyo mtu aanze kutafuta mahali alipo. Mapigo yakipanda, picha ndiyo itulie zaidi. Isukuti tayari zina fujo yao tamu, mkiongeza picha za kumweka-mweka mnazichosha. Tena taa na picha za kupiga fleshi zaidi ya mara tatu kwa sekunde zinaweza kuangusha mtu mwenye kifafa, hizo msiziweke kabisa.

Sasa picha gani. Hapa nina msimamo na nitausema wazi: picha ya anga ina kazi pale tu inapomwonyesha mtu kitu ambacho akisimama kando ya mto hawezi kukiona. Watu wa Korogocho, Dandora na Kariobangi hawahitaji setelaiti iwaambie mto ni mchafu, harufu waliamka nayo. Kile hawaoni kutoka pale ni juu na chini ya mto, yaani maji yametoka wapi, yamepita kwa nani, na yanaenda wapi. Hicho ndicho mtakachowapa.

Mngefanya shoo nzima iufuate mto wa Nairobi. Mnaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, mnashuka Dagoretti, Chiromo, Museum Hill, Gikomba, mnafika kwenu, mnapita Dandora na Ruai, mto unaingia mto Athi, unapita maporomoko ya Fourteen Falls, unashuka Tsavo ukiitwa Galana, halafu unamwaga maji Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi ukiitwa Sabaki. Na pale Sabaki kuna picha moja ambayo ningeijengea shoo yote. Angalieni picha ya setelaiti ya mlango wa Sabaki baada ya mvua za Aprili ama Novemba: bahari ni ya buluu, halafu kuna ulimi mkubwa wa rangi ya kahawia umetoka mtoni ukapinda kufuata mkondo wa bahari. Huo ni udongo, udongo wa mashamba ya huku juu, unaenda kutanda karibu na matumbawe ya Malindi ambayo yamekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Mtu wa Kariobangi akiona kwamba maji yaliyopita nyuma ya nyumba yake yako ndani ya ule ulimi, hapo hamna haja ya kusema neno.

Na haiishii hapo. Mbele kidogo tu ya Sabaki, ukipita Mambrui, kuna Ngomeni, na baharini pale kuna lile jukwaa la Waitaliano la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, iliruka roketi pale ikiwa na setelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ya kwanza duniani ya kazi hiyo, na waliipa jina Uhuru kwa heshima ya nchi hii. Data yake ilisaidia wanasayansi kutambua Cygnus X-1, ile ambayo baadaye ilikubalika kuwa shimo jeusi. Watoto wengi wa Nairobi hawajawahi kuambiwa hii. Mto wenu unaishia karibu na mahali ambapo Kenya iligusana na anga mara ya kwanza! Hapo ndipo shoo inaweza kupanda juu, roketi inaruka, isukuti zote zinaingia, halafu mnafungua ile picha ya dunia nzima iliyopigwa na Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ambayo Afrika ndiyo imejaa katikati. Watu wameshatembea mto mzima kwa mguu, kwa hivyo wakiiona dunia wanajua pa kuangalia.

Wengi hufanya kinyume, wanaanza na galaksi halafu wanashuka polepole. Hiyo njia mtazamaji anakuwa mgeni kwa kila picha mpaka mwisho. Na ile picha maarufu ya chombo cha angani Voyager 1 ya 1990, dunia ikiwa nukta kwa umbali wa kama kilomita bilioni 6, muiache. Katika picha ya asili dunia haifiki hata pikseli moja, kwa projekta ya kukodi na kitambaa chenye mikunjo hakuna mtu ataiona, mtabaki mnaonyesha watu kidole.

Kuna vitu vya kuangalia mkichagua picha zenu za nyumbani. Picha za setelaiti za Sentinel-2 za mpango wa Copernicus wa Ulaya ni bure, pikseli moja ni mita 10, na mto wa Nairobi sehemu nyingi za mjini ni mwembamba kuliko hapo. Maana yake mto wenyewe hamtauona! Mtaona mstari wa miti na majani unaopinda kati ya mabati. Kwa hivyo picha ya juu iwaonyeshe njia, halafu maji yenyewe mpige kwa simu, kamera ikiwa chini karibu kuguswa na maji. Kutoka kilomita 786 juu mpaka sentimita chache bila kusema chochote, huo mruko peke yake ni muziki. Droni sishauri, inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege na simu inatosha.

Kuna pia zile picha ambazo mimea inatokea nyekundu, juu wametumia mwanga usioonekana kwa macho, ambao majani huurudisha kwa wingi. Zinapendeza mno jukwaani lakini msizirushe tu, mtu ataona msitu wa Karura mwekundu adhani unaungua. Mwimbaji ama MC aseme sentensi moja, hapa nyekundu ni uhai, basi. Baada ya hiyo sentensi watu wataisoma Nairobi wenyewe: Karura yote inawaka nyekundu, Muthaiga nyekundu, unavuka barabara ya Thika, Mathare ni kijivu. Kila mtu ukumbini atanyamaza. Na kile kipande cha Karura kiko pale mpaka leo juu ya watu waliosimama na Wangari Maathai 1999, wengine walipigwa, hilo linafaa kuimbwa.

Mkitaka kulinganisha zamani na sasa tumieni Landsat, setelaiti za Marekani, ilianza 1972 na tangu 2008 picha zake ni bure kwa kila mtu, za kuanzia 1984 zina pikseli ya mita 30 na zinatosha kuonyesha jinsi mji ulivyotambaa kuelekea Ruai na Njiru. Lakini picha zote mbili ziwe za mwezi mmoja, mfano Februari na Februari. Ukiweka ya Mei ya zamani karibu na ya Septemba ya juzi, mji wa zamani utaonekana kijani na wa sasa mkavu na utakuwa umewaonyesha watu tofauti ya misimu ukiwaambia ni uharibifu. Watu wakigundua hawatakuamini tena hata kwa lile la kweli. Na wakati wa mafuriko kunakuwa na mawingu, kwa hivyo mkitaka maji yaliyotanda Garissa na Tana mwaka 2024 tafuteni Sentinel-1, hiyo ni rada, inapenya wingu, maji yanatokea meusi.

Hapo kwa mafuriko niseme kitu. Yale ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na kwa ukumbi wenu kutakuwa na mtu aliyepoteza nyumba Mathare ama aliyezika. Zile video za watu wakikimbia maji usiku msizitumie kama mapambo ya wimbo. Rada ya Tana, sawa. Jirani wa mtu akilia kwa skrini ya mita nne, hapana.

Haki za picha. Picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, mnaruhusiwa kuzitumia, mnataja tu zimetoka kwao, ila nembo yao msiiweke kwa bango na msifanye ionekane ni kama wamewadhamini. Mkichukua video zao zimeni sauti kabisa, juu nyingine zina muziki uliolipiwa leseni na huo si wa bure. Copernicus mnaandika mwishoni kwamba mmetumia data ya Copernicus Sentinel na mwaka. Picha za darubini za angani, Hubble na Webb, pia ziko wazi mkitaja wenyewe. Ya kujihadhari nayo ni picha za ramani za Google, hizo zina masharti yao na maandishi yao lazima yaonekane, na zile mtu ameweka kwa mitandao bila kusema kazitoa wapi. Watu wa karibu wa kuwauliza ni kituo cha RCMRD pale Kasarani, kazi yao ni ramani na picha za setelaiti tangu 1975, na wako karibu na nyinyi, andikeni barua muende.

Twende kwa sauti, hapa ndipo mna utajiri kuliko hata mnavyojua. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti, kwa hivyo zile "sauti za sayari" ni mawimbi ya redio ama ya plazma yaliyogeuzwa yasikike. Imefanyika vizuri sana mahali: mwaka 2002 kikundi cha Kronos Quartet walipiga kazi ya mtunzi Terry Riley iliyotumia mawimbi yaliyonaswa na vifaa vya Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa, na Kenji Williams na violini yake amezunguka miaka na shoo inayochanganya picha za NASA na muziki wa tamaduni mbalimbali. Kuna pia kundi la galaksi la Perseus, wanasayansi waligundua 2003 kwamba gesi yake ina mawimbi ya kweli, noti ya B-flati oktavu 57 chini ya C ya katikati, na 2022 waliipandisha mpaka masikio ya binadamu yakaisikia. Mnaweza kuiweka chini kabisa ya sauti zenu kama mvumo mkianza, ni sawa, ila msikae hapo.

Nyinyi mna nyatiti. Nyuzi nane. Chukueni mvua ya Nairobi ya miezi kumi na miwili, idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner wanayo, ama mtumie data ya CHIRPS ambayo ni mvua iliyokadiriwa kwa setelaiti na vipimo vya ardhini tangu 1981, iko bure. Gawanyeni hiyo mvua ngazi nane, mwezi mkavu uzi wa chini, mwezi wa mvua nyingi uzi wa juu. Kila mwezi baa moja. Mwaka wa kawaida utasikika na vilima viwili, kimoja Aprili kingine Novemba, na katikati Julai na Agosti sauti iko chini kabisa. Mpiga nyatiti ana ile pete ya chuma kwa kidole cha mguu, oduongo, anagonga nayo mapigo kwenye ubao wa ala, na njuga za gara mguuni: kila pigo linalofungua baa ni mwezi mpya, hata mtoto ataweza kuhesabu. Rudieni mwaka wa kawaida mpaka watu waujue, wauitikie kwa makofi. Halafu pigeni mwaka 2024. Ikifika Aprili uzi wa nane hautoshi, hakuna mahali pa kupanda, na hapo kwaya yote na isukuti zinaingia juu yake. Hiyo ni data, ni muziki wa kwetu, na hakuna mtu amehubiri.

Upande wa vifaa sitakaa sana lakini giza msilipuuze. Projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi, nyeusi yake ni ule weusi uliopo tayari kwa ukumbi, na picha za anga karibu zote ni nyeusi. Mkifanyia nje uwanjani chini ya mulika mwizi, anga lenu litakuwa kijivu na nyota zote zimekwenda, hata projekta iwe kubwa namna gani. Ukumbi wa ndani, madirisha yazibwe, ama kama ni nje mpate upande wa jengo unaoikinga ile taa. Juni jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na huku kwetu giza halichelewi, saa moja na robo mko sawa kuanza. Projekta ya lumeni 5000 kwa skrini ya upana wa mita nne inatosha, msishawishike kuipanua iwe mita nane juu mwanga utagawanyika mara nne.

Skrini msikodi, kitambaa cha marekani cheupe kikivutwa vizuri kinafanya kazi. Lakini kuna kitu ningetaka mjaribu: neti nyeupe ya mbu, kubwa, itundikwe mbele ya wachezaji badala ya nyuma, na nyuma yao ukuta uwe mweusi. Projekta ikipiga kwa mshazari, picha inashika neti na inaonekana inaelea hewani. Mkiwasha taa ndogo ya pembeni nyuma ya neti, mchezaji anatokea ndani ya dunia. Mkizima, anapotea. Jaribuni mapema kwa mazoezi, pembe ya projekta ndiyo kila kitu. Na nyota msizitoe kwa projekta, tobogeni mikebe kwa misumari, muweke taa ndogo za betri ndani, vijana wa jua kali wa Kamukunji watawafanyia kwa bei poa na mikebe yenyewe mmeshaiokota mtoni.

Stima: projekta, laptopu, mixa na spika mbili zenu zote pamoja ni kama wati 650, shoo ya saa moja na robo haimalizi yuniti moja. Betri mbili kubwa za volti 12 zilizojaa na inveta zinabeba hiyo bila wasiwasi, na hamtakuwa na jenereta inayonguruma na kutoa moshi nje ya shoo ya mazingira. Picha ziwe kwa laptopu yenyewe na nakala kwa fleshi, msitegemee intaneti ya ukumbi.

Sasa ujumbe. Futa hotuba zote. Nikisema zote namaanisha pia ya mgeni wa heshima, mpe nafasi kabla shoo haijaanza. Mkifika Dandora kwenye safari ya mto, msionyeshe watu wanaookota taka kama vile ndio tatizo, hao ndio wanaopunguza. Jalala lilitangazwa limejaa 2001 na lori bado zinaingia. Onyesheni hizo lori zinatoka wapi: chora mistari juu ya picha ya setelaiti, Westlands, Kilimani, Karen, Lang'ata, South B, yote inakuja sehemu moja, na mwimbaji ataje majina ya mitaa moja moja bila kuongeza neno la kulaumu. Halafu mtu mmoja anayeishi ama anayefanya kazi kando ya mto azungumze dakika mbili, kwa lugha yake ya kila siku, mwenyewe jukwaani, si kwa video. Akimaliza ngoma inaingia hapo hapo kabla watu hawajapiga makofi.

Na mkiwaomba watu kitu, ombeni kimoja chenye siku na mahali. Jumamosi inayofuata, saa mbili asubuhi, daraja fulani, njoo na gambuti. Hiyo iandikwe kwenye skrini taa zikiwaka na ibaki hapo watu wakitoka, na vikundi vinavyosafisha mto viwe mlangoni na daftari la majina. Kuna vijana mtoni kila wiki tayari, msianzishe chenu kipya, wajazieni watu.

Kibali cha kelele mtakihitaji kwa sheria za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, kama spika zitasikika nje, ulizeni kaunti mapema.

Mkishapata ukumbi nipimie urefu wa dari, umbali kutoka jukwaa mpaka ukuta wa nyuma na uniambie madirisha yako upande gani, nitakuchorea projekta ikae wapi na neti itundikwe vipi. Na umwambie mpiga nyatiti aanze na ile mvua wiki hii, hiyo ndiyo itachukua mazoezi mengi.